Vinara sita vya shaba: shajara ya kuvitambua na kuvipa umri

13 Januari 2024: Sanduku la mnadani

Jozi tatu za vinara vya mishumaa zimeingia nyumbani jioni hii ndani ya sanduku la ndizi. Nimezipata katika mnada mdogo nje ya Birmingham kwa pauni 140, na juu yake ushuru wa mnada asilimia 25, jumla pauni 175. Karatasi ya mnada ilikuwa na mstari mmoja tu: vinara vya kale vya shaba, mtindo wa neoklasiki. Mwaka haukutajwa, wala nchi. Hivyo viwili ndivyo ninavyovitafuta, na nitaandika kila hatua hapa ili mwenye vinara vyake aweze kuifuata.

Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya masinia na madele ya shaba. Sasa naishi Handsworth, Birmingham, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Soho House, nyumba ya Matthew Boulton, aliyejenga kiwanda chake cha Soho katika miaka ya 1760. Shaba ninayoizungumzia ni ile ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambayo wengine huiita shaba nyeupe. Katika karne ya 18 mji huu ulikuwa ukiisubu kwa wingi kuliko mji wowote wa Uingereza, na sehemu kubwa ya vinara vya Kiingereza vya wakati huo vilitoka hapa.

Nimezipa jozi majina ya herufi nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo. Alifu ina kitako cha mraba chenye ngazi, ukingo wa shanga ndogondogo, na nguzo yenye mifereji ya wima inayopungua kwenda chini. Be ni nguzo ya Kikorintho iliyopambwa vichwa vya kondoo dume na makoja ya maua yanayoning'inia. Te ina kitako cha duara, shina lenye mifereji, na kisahani cha kudaka nta kinachotoka.

Dhana yangu ya usiku huu: zote ni za kati ya 1770 na 1790. Sababu ni mapambo. Uchimbaji wa magofu ya miji ya kale ya Kirumi ulianza 1738 kwa Herculaneum na 1748 kwa Pompeii, msanifu majengo Robert Adam akarudi London kutoka Italia mwaka 1758, na baada ya hapo mitungi, shanga, makoja na vichwa vya kondoo vikaenea kwenye kuta, viti, fedha na shaba. Hivi vina kila kitu hicho.

20 Januari 2024: Ndimu na chumvi

Hili ni kosa, na naliandika kwa urefu kwa sababu lilikuja kuniharibia kazi nyingine.

Bibi yangu alikuwa akisugua masinia kwa ndimu na chumvi kila Ijumaa kabla ya sala, yakang'aa hadi unaona uso wako. Nilichukua kinara kimoja cha Alifu, nikakata ndimu mbili, nikasugua kitako na nusu ya nguzo. Weusi ulitoka haraka. Dakika kumi baadaye nilipokisuuza na kukipeleka dirishani, pale niliposugua palikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi. Nusu ya juu ilikuwa bado njano iliyokolea.

Asidi ya ndimu haiondoi uchafu peke yake. Huila zinki iliyo juu ya uso na kuacha shaba nyekundu nyuma, na huo ndio uwaridi. Kwa sinia linalosuguliwa kila wiki hilo si neno, maana msuguo wa wiki ijayo utauondoa. Kwa kitu unachotaka kukisoma, umefuta maandishi. Ile ngozi ya hudhurungi iliyojengeka ndani ya mifereji kwa miaka mingi ndiyo ushahidi, na mimi nimeimwaga kwenye sinki.

Nilichofanya kurekebisha: nikakiosha kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, nikasuuza kwa maji yaliyotoneshwa, nikakausha kwa kikausha nywele kwenye joto la chini. Uwaridi nikaupunguza kwa unga wa chaki uliolowa spiriti, kwa kidole, bila kubonyeza. Haukuisha wote. Vitano vilivyobaki nimevifuta kwa kitambaa kikavu tu. Nta iliyoganda kwenye matundu niliitoa kwa kuviweka ndani ya friza saa mbili. Nta hukakamaa ikabanduka kwa kijiti cha mbao.

Gharama: magadi, chaki, maji na kopo dogo la nta ya kulindia, pauni 22.

3 Februari 2024: Chini ya kitambaa cha kijani

Jozi ya Be ndiyo niliyokuwa nikiitumainia zaidi. Ndani ya mikunjo ya pembe za kondoo kuna weupe, na weupe huo ulinipandisha moyo. Uingereza ya mwisho wa karne ya 18 ilikuwa ikitengeneza vinara vya mtindo wa Adam kwa paktong, mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli uliotoka China, ambao jina lake la Kichina lina maana ileile ya "shaba nyeupe". Vinara vya paktong ni adimu na ghali.

Nikakwangua kidogo upande wa ndani wa kitako kwa ncha ya kisu. Chini ni njano tupu. Paktong ni nyeupe hadi moyoni, kwa hiyo hapa weupe ni rangi ya juu tu, mabaki ya fedha iliyopakwa.

Kisha nikatazama kile kitambaa kinene cha kijani kilichogundishwa chini ya vitako. Nilikuwa nimekiacha kwa heshima, nikidhani ni cha zamani kama kinara chenyewe. Nikakilowesha kwa maji ya vuguvugu, nikasubiri nusu saa, kikabanduka kizima. Kwenye shaba iliyokuwa imefichika pamepigwa muhuri: herufi Rd, kisha nambari ya tarakimu sita inayoanza na 25.

Hapo mjadala ukaisha. Nambari za Rd ni za usajili wa michoro Uingereza, zilizoanza na 1 mwaka 1884. Nambari za kuanzia 246975 hadi 268391 zilisajiliwa mwaka 1895. Be basi haiwezi kuwa ya kabla ya 1895. Inaweza kuwa ya baadaye, kwa sababu kiwanda kiliweza kuendelea na mchoro uliosajiliwa kwa miaka mingi. (Ukikuta alama ya almasi yenye herufi na tarakimu kwenye pembe zake, hiyo ni ya usajili wa kati ya 1842 na 1883. Ukikuta neno "England" peke yake, mara nyingi ni la baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka.)

Ile fedha nayo ilikaa mahali pake. Hataza ya Elkington ya kupaka fedha kwa umeme ni ya mwaka 1840, na kazi hiyo ilifanyika hapahapa Birmingham.

Nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa kuangalia vichwa vya kondoo. Mtindo wa Adam ulirudi kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19, na mafundi wakatumia michoro ileile. Pambo linakuambia kitu hakiwezi kuwa cha kabla ya lini. Halikuambii kiliishia lini. Kuanzia leo naangalia namna kitu kilivyotengenezwa.

17 Februari 2024: Pumzi kwenye shaba baridi

Kuanzia mwisho wa karne ya 17, mafundi wa Kiingereza waliacha kusubu mashina ya vinara yakiwa mazito kama rungu. Walisubu nusu mbili za wima, zenye uwazi ndani, wakaziunga kwa lehemu ya shaba. Metali ilikuwa ghali na njia hii iliiokoa. Ilitumika hadi yapata miaka ya 1770 na 1780, ndipo wakaanza kusubu shina zima kwa mara moja kwa kuweka kiini cha udongo katikati. Kwa hiyo kinara cha Kiingereza chenye mapambo ya neoklasiki na mshono wa wima kwenye shina kinaangukia muda mfupi sana. Huo ndio mshono nilioutafuta.

Niliutafuta kwa taa na kioo cha kukuzia kwa saa nzima, nisione kitu. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya kerezo viwandani maisha yake yote, alinionyesha njia: kiache kinara nje usiku kipoe, asubuhi kipulizie pumzi. Lehemu na shaba hazipokei umande kwa namna moja.

Leo saa moja asubuhi nilikipulizia kile kinara cha Alifu nilichokisugua ndimu. Ukungu ulitanda kwenye nguzo, na kwa kadiri ya sekunde mbili ukajitokeza mstari mwembamba kama unywele, ukishuka ndani ya mfereji mmoja kutoka chini ya tundu hadi kwenye ngazi ya kitako. Nikakigeuza. Upande wa pili, mfereji unaoelekeana nao, mstari mwingine. Fundi aliuficha mshono ndani ya mifereji makusudi, mahali ambapo kivuli kingeumeza. Nilipulizia tena na tena, kila mara ukaja na kupotea.

Kisha nikapulizia mwenzake. Ukungu ulitanda sawasawa, ukaondoka sawasawa. Nikarudia mara nane. Hakuna mstari.

Nikaviweka kwenye mizani ya jikoni. Chenye mshono: gramu 655. Kisicho na mshono: gramu 918. Uzito huo nilikuwa nimeuhisi mkononi tangu siku ya kwanza, nikajiambia kuwa kimoja kimejazwa risasi ndani. Niliunyamazisha kwa maelezo ambayo sikuyapima.

24 Februari 2024: Mtoto wa kalibu

Nimenunua vernia, chombo cha kupimia vipimo vidogo, kwa pauni 18. Vipimo vya Alifu, chenye mshono kwanza:

Urefu milimita 268.0, na 264.1. Upande wa kitako 112.4, na 110.7. Ukingo wa tundu 33.0, na 32.5.

Kila kipimo cha pili ni pungufu kwa takriban asilimia moja na nusu. Tofauti ya mkono wa fundi ingetawanyika, huku zaidi na huku pungufu. Hii inakwenda upande mmoja tu. Nikampigia mjomba wangu Mombasa, ambaye amesubu shaba tangu ujana wake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi yaendeleaje?"

"Yapungua. Mjomba, ukichukua kinara ukakibonyeza kwenye mchanga wa kalibu, ukasubu chengine, kitatoka sawa na kile cha kwanza?"

"Hakitoki sawa. Shaba ikipoa hujikusanya. Mtoto wa kalibu siku zote ni mfupi kuliko mamake. Sisi tukitaka kitu kitoke sawa, mfano wa mbao twauchonga mkubwa kidogo. Kwenye shubiri moja waongeza unene wa sarafu mbili."

Shubiri yangu ni sentimita 22, na sarafu mbili ni kama milimita tatu na nusu. Ni asilimia moja na nusu ileile.

Akaongeza neno jingine: "Tafuta kovu. Mtoto huzaliwa na kovu la mamake."

Nikalitafuta. Kwenye kinara chenye mshono, ukingo wa kitako una mbonyeo mdogo pale ambapo shanga mbili zimegongwa hadi zikalaliana. Kina chake ni cha kucha, na kingo zake zimevunjika kwa ukali. Nikahesabu shanga kutoka kwenye kona: ya saba na ya nane. Kwenye mwenzake, kona ileile, shanga ya saba na ya nane zimelaliana vilevile, ila kingo zake ni laini, kama sabuni iliyotumika. Kitu hakigongwi mara mbili mahali pamoja kwa namna moja. Kinara cha pili kilizaliwa na pigo ambalo hakikupigwa.

Baada ya hapo mengine yalijieleza. Chini ya kitako cha mama kuna mikwaruzo ya tupa na ya kisu cha kukwangulia, kwa sababu fundi alisafisha hata pasipoonekana. Chini ya mtoto pana chembechembe za mchanga wa kalibu. Shina la mama limepitishwa kwenye tundu la kitako, na ncha yake ikafuliwa kwa nyundo hadi ikatanuka, kama ribeti. Mtoto naye ana umbo lilelile la ncha iliyofuliwa, lakini ukizungusha sindano pembeni mwake hakuna ufa wa kuingia. Ribeti lenyewe limesubiwa, kitako na shina ni kipande kimoja, tena kigumu hadi ndani. Hapo ndipo ilipotoka ile tofauti ya gramu 263.

16 Machi 2024: Mashine ya miale

Nimelipa pauni 90 kwa saa moja ya mashine ya eksirei inayosoma metali bila kukata kitu. Nilitaka zinki.

Kabla ya zinki kupatikana kwa wingi ikiwa metali kamili, shaba ya njano ilitengenezwa kwa kupasha vipande vya shaba nyekundu pamoja na mkaa na madini ya zinki ndani ya vyungu vilivyofunikwa. Mvuke wa zinki uliingia ndani ya shaba, na njia hiyo haikuweza kuipita sana asilimia 30. William Champion wa Bristol alipata hataza ya kutonesha zinki mwaka 1738, na James Emerson akapata ya kuchanganya zinki na shaba moja kwa moja mwaka 1781. Njia ya zamani iliendelea kando ya mpya kwa miongo mingi. Kwa hiyo zinki chache haithibitishi uzee, maana mtu yeyote anaweza kuitia chache hata leo. Zinki nyingi ndiyo inayokataa.

Kipimo cha kwanza, kinara cha mshono, pembeni mwa kitako: shaba asilimia 81, zinki 15. Nilifurahi, kisha nikaona nilipokiegemeza kwenye mashine. Ilikuwa sehemu ileile ya ndimu. Miale hii husoma ngozi ya juu tu, na ngozi hiyo niliinyang'anya zinki mwenyewe mwezi Januari. Namba ilikuwa ya ndimu zangu.

Nikaomba ruhusa, nikasugua kwa msasa laini sehemu ya ukubwa wa kucha chini ya kitako hadi metali safi ikaonekana, tukapima upya. Shaba 73.8, zinki 23.1, risasi 2.0, na bati kidogo. Mtoto wake, aliyeandaliwa kwa namna hiyohiyo: shaba 60.4, zinki 37.2. Te: zinki 21. Ukipima, safisha mahali pa siri kwanza, au utalipia namba za uongo. Dakika kumi na tano za saa ile zilipotea kwa sababu hiyo.

6 Aprili 2024: Hesi za Te

Te nilikuwa nimeihukumu mapema. Nilijifunza kwamba vinara vya Kiingereza vya karne ya 18 hufungwa kwa kufua ncha ya shina, na skrubu ikaja kuzoeleka baadaye. Te ina skrubu. Basi nikaandika "nakala ya baadaye" na kumwahidi mtu kwa pauni 30.

Kilichonizuia ni kwamba havikusimama. Nilipovifungua vyote viwili kuvifuta na kuvirudisha, shina moja liliegemea kama mnazi wa pwani, na jingine lilisita likiwa bado na nafasi ya unene wa karatasi. Nikakaza zaidi, jambo ambalo lingeweza kuvunja hesi, yaani mizunguko ya skrubu. Nikasimama, nikavitoa, nikachukua kioo cha kukuzia.

Kwenye ncha ya shina moja pana alama ya tupa, mkato mmoja. Kwenye jingine mikato miwili. Chini ya vitako, karibu na tundu, mmoja na miwili. Nilikuwa nimeyabadilisha mashina. Shina la mkato mmoja liliporudi kwa kitako chake liliingia kwa ulaini, likasimama wima.

Alama hizo zina maana kubwa. Hesi zilizokatwa kwa mkono hazifanani, kwa hiyo fundi alilazimika kuandika nani ni wa nani. Hesi za Te ni za kina kifupi, nafasi zake hazilingani, nyingine zimelala. Nikazilinganisha na Be: kipimahesi cha jirani yangu kiliketi juu yake bila mwanga kupenya, robo tatu ya nusu inchi, hesi 16 kwa inchi, kipimo sanifu cha skrubu cha Whitworth, ambacho hakikuwepo kabla ya 1841.

Kosa langu lilikuwa kuchukua desturi ya Uingereza na kuifanya ya dunia nzima. Wafaransa walikuwa wakifunga mashina ya vinara kwa skrubu tangu mapema, wakati Waingereza bado wanafua. Kitako cha Te kimekerezwa vizuri hadi chini, kisahani chake kinatoka, na umbo lake ni la wakati wa Louis XVI, aliyetawala Ufaransa kuanzia 1774 hadi ufalme ulipoondolewa 1792. Kwa hesi, kwa kerezo na kwa zinki yake, naiweka Ufaransa, robo ya mwisho ya karne ya 18. Nilimpigia yule mnunuzi kumwomba radhi, naye alielewa.

20 Aprili 2024: Vibandiko

Nimekwenda London siku moja, nauli pauni 31, kutazama picha za madaftari ya mifano ya wasubu shaba yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A). Nilitaka jina la aliyetengeneza Alifu. Kurasa zimejaa vinara vilivyochorwa vizuri sana, kila kimoja na nambari na bei, lakini madaftari mengi hayana jina la kiwanda. Wafanyabiashara wa kati hawakutaka mteja ajue pa kwenda moja kwa moja. Wachache walipiga majina yao kwenye shaba, kama George Grove na Joseph Wood wa katikati ya karne ya 18, wengi hawakupiga. Niliona nguzo yenye mifereji na kitako cha ngazi kinachokaribiana na changu, shanga zikiwa pana zaidi. Sikupata jina, na sitaliandika kwa kukisia.

Hesabu: mnada 175, usafi na nta 22, vernia 18, mashine 90, nauli 31. Jumla pauni 336. Be nimeiuza kwa pauni 85, ikiwa na kibandiko kinachotaja usajili wa 1895, na kile kitambaa cha kijani nimekitia ndani ya bahasha pamoja nayo. Kama ningeanza upya leo ningepulizia, ningepima kwa vernia na mizani, ningefungua vitambaa vya chini, na kusafisha kungekuja mwisho kabisa.

Alifu sikuitenganisha. Mtu fulani, wakati fulani, alikuwa na kinara kimoja akataka viwe viwili, akampelekea fundi, na fundi akafanya alichoweza kwa mchanga aliokuwa nao. Viko rafu moja, kila kimoja na kibandiko chake cha uzi:

"Alifu-1. Uingereza, takriban 1765 hadi 1785. Shina la nusu mbili. Uwaridi wa kitako ni wa ndimu, Januari 2024."

"Alifu-2. Kimesubiwa kutoka Alifu-1. Zinki 37. Angalia shanga ya saba na ya nane."